Kufundisha Wanaoanza Kiingereza Kusema Wana Nini na Kiko Wapi: Mwongozo Kamili kwa Mwalimu wa Dodoma

Mwanafunzi wangu mmoja wa darasa la jioni, mama anayeuza zabibu kando ya barabara ya kuingilia mjini Dodoma, alitaka kumweleza mteja mgeni kwamba simu ya kupokelea malipo anayo mama yake, akasema: "The phone has my mother." Mteja alibaki kumtazama, na yeye akaja darasani jioni ile akiwa amevunjika moyo. Nilimwandikia sentensi yake ubaoni, na chini yake nikaandika "simu anayo mama yangu", ili wenzake wote waone kwamba hakuokota maneno ovyo. Alikuwa amefuata sarufi barabara, ila ilikuwa sarufi ya Kiswahili, lugha inayomruhusu msemaji kukitanguliza kitu na kumweka mwenye nacho nyuma, kwa sababu kiambishi cha kitenzi kinatuambia nani ana nini.

Tangu siku ile nimefundisha mada hii ya vitu na mahali vilipo kwa namna tofauti na nilivyofundishwa mimi. Makosa mengi ya wanafunzi wetu hapa yanatokana na mambo mawili. La kwanza ni kwamba neno la umiliki katika Kiswahili hukitazama kitu kinachomilikiwa, ilhali la Kiingereza humtazama mwenye kitu. La pili ni kwamba Kiswahili hutaja mahali kwa kiambishi kimoja cha "-ni", ilhali Kiingereza humlazimisha msemaji achague kati ya vihusishi kadhaa. Mwalimu anayeyaweka wazi mambo haya mawili hana haja ya kukaririsha orodha ndefu.

Mwongozo huu unawahusu wanaoanza kabisa, yaani watu wazima wa madarasa ya jioni, na pia wanafunzi wa kidato cha kwanza waliotoka katika shule za msingi ambako Kiswahili ndiyo lugha ya kufundishia. Tenga vipindi saba vya dakika 40, na usione tabu kurudia kipindi ambacho hakijaeleweka.

Kabla ya kipindi cha kwanza

Tafuta kapu moja, kanga moja, boksi la katoni, na vitu vidogo kumi hivi ambavyo kila nyumba inavyo: ufunguo, kikombe, kiberiti, kijiko, kitana, kalamu, sabuni, sufuria ndogo, mwavuli, yai. Vitu viwili vya mwisho nimevichagua kwa makusudi, kama utakavyoona. Picha zinafaa pale ambapo huna kitu chenyewe, lakini mwanafunzi aliyeshika ufunguo mkononi husema "I have a key" kwa uhakika ambao picha haiwezi kumpa.

Kuna jambo moja la heshima ambalo mwalimu asilipuuze. Mada ya kumiliki vitu inaweza kuumiza. Katika darasa moja utakuta mtumishi wa serikali aliyehamia Dodoma na gari lake, na kijana anayelala chumba kimoja na wenzake wanne. Swali kama "Do you have a car?" linaonekana jepesi kitabuni, lakini darasani linamlazimisha mtu kutangaza hali yake mbele ya watu. Kwa hiyo mimi hugawa vitu mwenyewe kutoka kwenye kapu, na kila mmoja husema alichopewa. Anayetaka kusema juu ya mali zake za nyumbani atasema kwa hiari yake.

Hatua ya kwanza: majina ya vitu

Hatua hii ni fupi. Taja vitu kimoja kimoja ukiviinua, darasa likurudie, kisha watu watatu wanne warudie peke yao. Kwa kuwa Kiswahili hakina neno linalolingana na "a" au "an", wanafunzi watasema "I have key", na njia rahisi ya kulizuia kosa hili ni kutolitaja jina peke yake hata mara moja: sema "a key", "a cup", "an umbrella", "an egg", kana kwamba ni neno moja. Mwavuli na yai vipo kapuni kwa ajili hiyo. Wingi wa "-s" uonyeshe kwa kushika funguo mbili, kisha uendelee.

Hatua ya pili: kuwa nacho

Andika ubaoni "nina, una, ana, tuna, mna, wana". Waulize wanafunzi wanaona nini katika kila neno, nao watajibu kwamba kuna mtu mwanzoni na "na" mwishoni. Hapo waeleze kwamba Kiswahili kinasema mtu yuko "na" kitu, ndiyo maana wengi hujikuta wakisema "I am with a key" au "I am have a key". Kiingereza kina kitenzi chake kamili cha kumiliki, ambacho hakihitaji "am" wala "is": "I have, you have, we have, they have", na kwa nafsi ya tatu umoja pekee, "he has, she has, it has".

Zoezi la mnyororo linafaa sana hapa. Wa kwanza anasema "I have a key", wa pili anasema "She has a key. I have a cup", wa tatu anaendelea kwa kumtaja aliyemtangulia na kujitaja yeye. Darasa la watu 60 ligawe katika safu, kila safu na mnyororo wake, la sivyo zoezi litakula kipindi kizima na walio nyuma watasinzia.

Katika kukanusha, kosa la kusubiri ni "She doesn't has". Eleza kwamba "does" imekwisha kubeba alama ya nafsi ya tatu, hivyo "have" inabaki bila alama: "She doesn't have a key." Kosa jingine, linalosikika hata kwa watu waliosoma sana, ni "I am having a pen". Linazaliwa kwa sababu "-na-" ya wakati uliopo katika Kiswahili hutumika kwa hali na kwa tendo vilevile, kwa hiyo "ninajua" na "ninapika" vina umbo moja. Kiingereza hutenganisha: kumiliki ni hali, na hali haichukui "-ing". Ukijua kwamba kuna "I am having lunch", usiitaje bado. Hapo "having" ina maana ya kula, na kuitaja mapema kutawavuruga.

Vitabu vingine huleta "I have got" na "I've got" papo hapo. Maumbo yote mawili ni sahihi, na hili la pili husikika zaidi kwa Waingereza, lakini ushauri wangu ni kufundisha "have" peke yake hadi ikae, kwa sababu maswali yake, "Do you have" na "Have you got", yana mipangilio tofauti, nayo yakija pamoja huzaa "Do you have got".

Hatua ya tatu: changu, chako, chake

Anza kwa habari njema. Andika safu hii: kitabu changu, vitabu vyangu, kalamu yangu, ufunguo wangu, funguo zangu, yai langu, mayai yangu. Mbele ya kila moja andika neno lilelile, "my". Wanafunzi wakiona kwamba mzigo wote wa ngeli umeondoka, nyuso hufunguka, nami huwaacha waifurahie hali hiyo kwa dakika moja kabla sijaendelea.

Kinachofuata ndicho kigumu, nacho kinastahili kipindi kizima. Kiswahili hakibagui mume na mke: "-ake" ni ya Asha na ya Juma. Kiingereza kinabagua, lakini kinambagua mwenye kitu, wala si kitu chenyewe. Mwanafunzi aliyezoea kukitazama kitu ndipo achague "wake" au "yake" hulitazama neno "mother", akaona ni la kike, akasema "Juma and her mother". Wala halioni kosa lake, kwa sababu kwa mazoea ya lugha yake amefanya sawasawa: amepatanisha neno la umiliki na nomino inayomilikiwa.

Dawa yake ni kuugeuza mwelekeo wa macho, na mimi huutibu kwa kidole. Husimamisha mbele mwanamume mmoja na mwanamke mmoja. Huweka vitu mezani, vingine vya mmoja, vingine vya mwenzake. Nikiinua kitu, darasa halisemi neno lolote mpaka kila mtu amnyoshee kidole mwenye kitu. Vidole vyote vikiwa vimeelekea kwa mwanamume, ndipo sauti inatoka: "his cup". Kisha huingia katika jamaa: "her brother, his sister, her father, his mother", daima kidole kwanza. Baada ya dakika 15 utaona baadhi yao wakinyosha kidole kidogo tu chini ya dawati, na hapo ujue sheria imeingia.

Mambo mengine mepesi yapitie haraka. "Wako" na "wenu" vyote ni "your". "Its" ni ya mnyama na kitu. Kuhusu "kwetu", waeleze kwamba mtu anayesema "nyumbani kwetu" akimaanisha kwao yeye mwenyewe, kwa Kiingereza atasema mara nyingi "my home", na hatakuwa amewanyima ndugu zake chochote.

Sikiliza pia matamshi. Kiswahili kina irabu tano, kwa hiyo "his" na "he's" huweza kutoka sawa midomoni mwa wanafunzi, kama "this" na "these". Irabu ya "his" ni fupi na midomo imelegea. Ya "he's" ni ndefu na midomo imevutwa pembeni kama mtu anayetabasamu. Sauti ya mwanzo wa "this" wanayo tayari katika "dhahabu" na "dhamana". Wakumbushe hivyo badala ya kuwaeleza ulimi unakaa wapi.

Hatua ya nne: cha Asha, na cha nani

"Kitabu cha Asha" kina kitu mwanzoni, "cha" katikati na mwenye kitu mwishoni. Kiingereza kinaanza na mwenye kitu: "Asha's book". Wanafunzi watasema "the book of Asha", na mtu atawaelewa, lakini kwa watu si mtindo wa wenye lugha. Kwa vitu visivyo na uhai, kama mguu wa meza, "the leg of the table" inakubalika kabisa.

Ritifaa, yaani alama ya ('), isiwatishe. Wanafunzi wa Dodoma wanaiandika kila wanapoandika jina la mtaa wa Chang'ombe, na wote wanaijua katika "ng'ombe". Tofauti ni kazi tu: kwetu ni sehemu ya sauti, kwao inaonyesha mwenye mali.

Sasa lete kapu. Omba kila mmoja achangie kitu kimoja kidogo kisicho cha thamani, kifuniko cha kalamu, kitana, kitambaa, kisha funika kapu kwa kanga. Mwanafunzi mmoja anaingiza mkono chini ya kanga, anatoa kitu, anauliza: "Whose comb is this?" Wengine wanabahatisha: "Is it Neema's?" Neema mwenyewe anajibu: "No, it isn't mine. It's hers", akimwonyesha mwenzake. Katika zoezi hili "mine, yours, his, hers, ours, theirs" huingia bila maelezo marefu; sema tu kwamba hayo husimama peke yake pale ambapo kitu kimekwisha kutajwa, kama sisi tunavyosema "ni changu" bila kurudia "kitabu". Swali lenyewe, "Whose comb is this?", lifanyie mazoezi ya sauti ya pamoja, kwa sababu Kiswahili kinaweka "cha nani" mwishoni, na wanafunzi watajaribu kusema "This comb is of who?"

Hatua ya tano: kiko wapi

Hapa ndipo nilipokosea zaidi katika miaka yangu ya mwanzo. Niliandika ubaoni vihusishi kumi na kimoja, kila kimoja na tafsiri yake, nikavikaririsha. Wiki iliyofuata mwanafunzi hodari alinyosha mkono ndege ilipopita na kusema: "The plane is on Dodoma." Nilikuwa nimemfundisha hivyo mwenyewe, kwamba "on" ni "juu ya".

Anza na swali. "Ufunguo wangu uko wapi?" huzaa "My key is where?", kwa kuwa "wapi" kwetu hukaa mwishoni. Waandikie "Where is my key?" na "Where are my keys?", kisha waulizane kwa dakika kumi kabla ya kugusa kihusishi chochote, wakijibu kwa kidole na neno "here" au "there" tu.

Kisha andika ubaoni: mfukoni, mezani, ukutani, sakafuni, nyumbani, sokoni. Piga mstari chini ya kila "-ni". Waeleze kwamba "-ni" hii inataja mahali tu, nayo akili ya msikilizaji humalizia kama ni ndani, juu au penginepo. Kiingereza hakimwachii msikilizaji kazi hiyo: "in the pocket, on the table, on the wall, on the floor, at home, at the market". Fundisha kwa kuuliza maswali mawili. La kwanza: je, kitu kimezungukwa? Kama ndiyo, ni "in". La pili: je, kitu kinagusa uso wa kitu kingine? Kama ndiyo, ni "on", hata kama uso huo ni ukuta au dari. Saa ya ukutani ni "on the wall", na nzi wa darini ni "on the ceiling". Ndege haikuugusa mji, kwa hiyo ilikuwa "above" au "over". Kwa "at" sema tu kwamba tunalitaja eneo kama pointi, bila kujali ndani au nje. Wasomee "at home", "at school", "at the bus stand" na uwaache wazizoee.

Neno "chini" nalo lina mtego. "Kalamu iko chini" na "kalamu iko chini ya meza" ni mambo mawili, na la kwanza kwa Kiingereza ni "on the floor" au, nje ya nyumba, "on the ground". Angusha kalamu katikati ya darasa, uliza, kisha isukume kwa mguu hadi chini ya meza, uulize tena.

"Next to", "behind" na "between" hazisumbui. Boksi na kikombe vinatosha. Kwa "between" toka nje ya darasa na utumie barabara wanazozijua: "Bahi is between Dodoma and Manyoni. Kondoa is between Dodoma and Babati. Kibaigwa is between Dodoma and Morogoro." Kila mtu aliyewahi kupanda basi ana picha hiyo kichwani.

"In front of" ndiyo inayohitaji uangalifu, hasa kwa wanafunzi wanaofanya kazi katika nyumba za wageni au wanaoendesha bodaboda na bajaji, kwa sababu kosa lake linampoteza mtu njia. Tunapomwelekeza mtu tunasema "iko mbele ya shule", na mara nyingi tunamaanisha kwamba aipite shule, aendelee, ndipo afike. Mgeni akiambiwa "It is in front of the school" ataenda kusimama mlangoni mwa shule, atazame pale, asione kitu. Kupita na kuendelea ni "past the school" au "after the school". "In front of" ni kuelekeana na uso wa jengo. Chora ubaoni barabara, jengo moja lenye mlango unaoelekea barabarani, na alama mbili, moja mlangoni na nyingine mbele zaidi njiani. Usivifute mpaka kila mwanafunzi amesema sentensi mbili, moja kwa kila alama.

Hatua ya sita: kuna, na kiko

Wengi hufundisha "there is" kama kitu kipya kabisa, na "a" na "the" kama fumbo lisilo na jibu. Mimi naamini mwanafunzi wetu anayo tayari nusu ya jibu. Linganisha "kuna ufunguo mezani" na "ufunguo uko mezani". Ya kwanza inampa msikilizaji habari ya ufunguo ambao hakuujua. Ya pili inazungumzia ufunguo ambao wote wawili wanaujua. Kiingereza kinasema "There is a key on the table" na "The key is on the table". Waambie wajiulize: kwa Kiswahili ningesema "kuna", au ningesema "uko"? Penye "kuna", tumia "there is a" au "there are". Penye "uko", tumia "the". Kipimo hiki hakitatui kila tatizo la "the", lakini katika mada hii kinatosha kabisa.

Kosa la kusahihisha ni "It has a key on the table", ambalo linatokana na "ina" na "kuna" kufanana.

Hatua ya saba: kuunganisha

Andika mazungumzo haya, yasomwe na wawili wawili, kisha wabadilishe vitu na mahali:

"Excuse me, do you have my key?"
"No, I don't. Whose key is this?"
"It's Juma's. His key is big. My key is small."
"There is a small key under the box."
"Yes, that's mine. Thank you."

Wakishazoea, wakugeuzie mgongo, ufiche kitu chumbani, na wakutafutie kwa maswali tu. Kazi ya nyumbani iwe sentensi nane juu ya chumba kimoja wanachokijua, kiwe jiko, duka au ofisi, zikionyesha vitu, wenyewe na mahali.

Katika kusahihisha usichukue kila kosa. Katika mada hii nasahihisha papo hapo makosa yanayobadilisha maana: "his" badala ya "her", mpangilio wa "The phone has my mother", na "in front of" iliyokusudiwa kuwa "past". Makosa ya "a" iliyosahauliwa nayaandika pembeni na kuyarudia mwishoni bila kumtaja mtu.

Kupima hakuhitaji karatasi. Kaa na kila mwanafunzi dakika mbili mbele ya meza yenye vitu sita, vitatu vyake na vitatu vya wenzake, vikiwa vimewekwa mahali tofauti. Muulize vitu vinne viko wapi, viwili ni vya nani, kisha yeye akuulize maswali mawili. Akikosea mahali, mrudishe hatua ya tano akiwa na boksi na kikombe. Akikosea mwenye kitu, mrudishe kwenye kidole. Yule mama wa zabibu nilimpima kwa simu yake mwenyewe, niliyokuwa nimempa jirani yake ashike. Alinyosha kidole kwa jirani, akatulia kidogo, akasema: "She has my phone. It's in her bag."